Mgeni wako hana karatasi? Namna ya kumfikisha kwa wakili hapa Mombasa bila kuliwa pesa

Wacha niandike mara moja nikiulizwa tena niwe natuma hii tu, manake kila wiki lazima kuna mtu ananipigia, mara ni mama mwenye nyumba kule Majengo, mara ni mzee wa msikiti, mara ni kijana wa tuktuk pale Buxton, na swali ni lile lile: kuna Mkongo (ama Mworomo, ama Mrundi, ama Msomali) naishi naye, hana karatasi, askari washaanza kumzunguka, sasa nimpeleke wapi?

Mimi si wakili, niseme hilo mwanzo kabisa. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa mjini, nafungua mafaili, napeleka karatasi kortini, na Kiswahili cha Kongo kikija kigumu naitwa ndani nikalimani. Kwa hivyo haya ni ya upande wangu wa meza, vitu nilivyoona vikienda sawa na vitu nilivyoona vikiharibika, na vingi vilivyoharibika viliharibika kabla mtu hajafika kwetu. Nawaandikia nyinyi wenyeji zaidi kuliko wageni wenyewe, kwa sababu mgeni anafuata anapopelekwa.

Kwanza jua ni mgeni wa namna gani

Usikimbilie wakili kabla hujakaa na mtu ukamuuliza polepole, milango ni mingi na wakili wa mlango huu saa zingine haujui ule. Mzee wa Kitaliano wa Nyali anayetaka kuishi hapa na mkewe huyo ni mambo ya permiti, class G kama ana biashara, class K kama anakula pesa yake ya uzeeni, ni fomu na ada na kuingia mtandao wa serikali, simuongelei leo. Mtanzania anayeuza viatu Kongowea naye mara nyingi shida yake ni stampu, raia wa Afrika Mashariki anapewa hadi miezi sita kukaa, ikiisha hakurudi kugonga ndio balaa linaanza.

Alafu kuna Mpemba aliyezaliwa hapa Kwale ama Kilifi, baba yake alizaliwa hapa, lakini hana kitambulisho. Huyu tafadhali USIMPELEKE kwenye meza ya wakimbizi. Wapemba walitambuliwa na serikali 2023, Wamakonde walitangulia 2016, kwa hivyo njia yake ni ya uraia na usajili wa watu. Nasisitiza kwa sababu kule Garissa na Wajir kuna Wakenya wenzetu walijiandikisha ukimbizi miaka ya ukame ili wapate mgao wa chakula cha kambini, vidole vikaingia kwenye kompyuta, na watoto walipofika umri wa kitambulisho wakaambiwa nyinyi si wa hapa. Wamehangaika miaka na miaka kujitoa humo. Kidole ukishakiweka pale kukitoa ni kesi.

Anayebaki ndiye tunayemuongelea, mtu aliyekimbia. Sheria inamtambua kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, uwe unaogopa kuteswa kwenu kwa ajili ya rangi ama kabila lako, dini yako, uraia wako, kundi ulilomo kwenye jamii, ama msimamo wako wa siasa. Ya pili ni ya mkataba wa nchi za Afrika wa 1969, hiyo ni pana zaidi, inamshika pia aliyekimbia vita na fujo zilizovuruga nchi yake ama hata sehemu tu ya nchi yake. Mtu wa Kivu, kule mashariki mwa Kongo, anaweza kupita mlango wa pili hata kama hakuna aliyemtafuta yeye kwa jina. Watu wengi hawajui huu wa pili upo, ndio unakuta mtu anatunga hadithi ya kutafutwa na wanajeshi na ukweli wake mtupu ungemtosha.

Siku 30

Sheria tuliyonayo ni ya Wakimbizi ya 2021, ilianza kutumika Februari 2022, ile ya 2006 ishakufa, kwa hivyo mtu akikupa kopi ya sheria ya 2006 mrudishie. Inasema ukiingia Kenya kuomba hifadhi jitokeze mara moja, ama ndani ya siku 30 isizidi, kwenye kituo cha mapokezi, kambini, au ofisi ya utawala ya serikali iliyo karibu nawe. Ofisi inayoshughulika ni Idara ya Huduma za Wakimbizi, DRS, si UNHCR, lile shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Zamani ilikuwa unaenda UNHCR moja kwa moja wanakupa mandeti, yaani barua ya kukutambua kuwa mkimbizi, na wazee wa Kikongo bado wanasema "mandeti", lakini anayeandikisha na kuamua sasa ni serikali. UNHCR wako pembeni wanasaidia.

Umepita siku 30? Usijifungie ndani kwa hofu siku ziwe 300. Nenda na sababu. Ulikuwa mgonjwa, hukujua, aliyekuleta alikufungia nyumba kule Kisauni, yote hayo wakili anayaandika na yana uzito, ila kila wiki unayoongeza inahitaji sababu yake.

Na kuingia kwa njia ya panya peke yake hakukufungi. Amekuja na mashua ikamshusha Shimoni ama Vanga, ama kazunguka kichakani Lungalunga, Mkataba wa 1951 unasema aliyekimbia hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali kama alijitokeza mapema akaeleza. Wazee wa Shimoni wanajua, Januari 2001 Wapemba zaidi ya elfu mbili walivuka na mashua baada ya fujo za uchaguzi Zanzibar, hakuna aliyewauliza pasi ufukweni.

Jambo la kambi sasa, na hapa niwe mkweli manake mawakili wengine wanalizungusha. Mombasa ilikuwa na kambi zake miaka ya 1990, Utange, Jomvu, Swaleh Nguru, watu wa Barawa, Somalia, wengi walipitia huko na wengine ndio majirani zetu hadi leo, lakini zilifungwa. Mwishoni mwa Machi 2014, siku chache baada ya shambulio la kanisani Likoni, serikali ikaamuru wakimbizi wote wa mjini warudi Kakuma na Dadaab, na japo mwaka uliotangulia, Julai 2013, Mahakama Kuu ilikuwa imeshavunja amri kama hiyo kwenye kesi ya Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, hali ya mtaani ikabaki kuwa mkimbizi wa mjini anaonekana kama amepotea njia. Kwa hivyo mtu akijiandikisha anaweza kuambiwa aende kambini. Kubaki mjini kuna sababu zake, ugonjwa unaotibiwa hapa, masomo, ama usalama kwa maana kambini kuna watu wale wale aliowakimbia, na kuziomba sababu hizo kwa barua na ushahidi ndio kazi mojawapo ya wakili. Mwambie mgeni wako hilo mapema asije akaona amesalitiwa.

Wakili ni nani na broka ni nani

Broka utamjua kwa mambo matatu manne: anakutafuta yeye, anakuambia "nina mtu wangu ndani", anataka pesa yote leo, na anakuhakikishia. Hilo la kuhakikisha ndilo baya zaidi. Hakuna wakili mwenye akili timamu atakuambia kadi utapata, anayeamua ni Kamishna wa Wakimbizi, wakili ni kuomba na kutetea tu. Na akikuuzia nafasi ya kwenda Kanada au Marekani ujue umeuziwa hewa. Kuhamishwa kwenda nchi ya tatu hakuuzwi, fomu za DRS haziuzwi, intavyuu haiuzwi, huduma ya UNHCR ni bure kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wakili wa kweli ana namba ya LSK, chama cha mawakili, inayoanza na P.105, muombe tu, haoni aibu kukupa. Ingia kwenye tovuti ya Law Society of Kenya kuna sehemu ya kutafuta jina, itakuonyesha kama cheti chake cha kufanya kazi kiko hai mwaka huu. Cheti ni cha mwaka, Disemba 31 kinakufa, kwa hivyo aliyekuwa sawa mwaka jana muangalie tena. Suti na kuonekana Nkrumah Road na faili kwapani si ushahidi, hata mimi natembea na faili kwapani.

Na sisi makarani msituamini kupita kiasi. Kuna karani anayekutana na mteja ngazini anamwambia "nipe mimi nitamalizana na wakili", hapo hapo ondoka. Pesa inalipwa ofisini ama kwenye till ya ofisi na unapewa risiti yenye jina la ofisi. Makubaliano yaandikwe hata kama ni karatasi moja, kazi ni ipi, bei ngapi, na bei inaishia wapi, manake kuandikisha ni kazi moja, rufaa ni nyingine, na kesi ya jinai kortini ni nyingine kabisa. Ukidhulumiwa kuna Advocates Complaints Commission, wanapokea malalamiko juu ya mawakili, lakini broka ukimlalamikia hapo watakwambia huyu si wetu, nenda polisi.

Hana pesa kabisa? Wengi hawana, na ndio maana kabla hujauza friji yako kwa ajili ya mgeni jaribu kwanza pasipo na malipo. Kituo cha Sheria wapo tangu 1973 na wana ofisi Mombasa. MUHURI na HAKI Africa ni mashirika ya haki za binadamu ya hapa hapa Pwani, wao si shirika la wakimbizi lakini mtu akishikwa ama akipotelea seli wanajua pa kugonga. Refugee Consortium of Kenya hii ndiyo kazi yao tangu 1998, wako Nairobi na huko kambini zaidi, ila simu inafika. Na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, sheria yake ya 2016 inataja wazi kuwa mkimbizi, mtu asiye na uraia wowote, na aliyeuzwa na wafanyabiashara wa watu wanastahili wakili wa serikali, si Wakenya peke yao. Karani wa huko akikwambia ni ya Wakenya tu mwambie kwa upole asome tena.

Ukipiga simu sehemu hizi usitoe hadithi nzima kwenye simu. Sema jina moja, nchi, yuko huru au ameshikwa, kuna mtoto au mgonjwa, na siku ya mwisho ya karatasi yoyote aliyopewa. Hiyo siku ya mwisho ndiyo inatufanya tukupange leo ama wiki ijayo.

Hadithi

Hapa nitakaa kidogo.

Wakili anaweza kurekebisha mengi sana. Umechelewa, anarekebisha. Huna pasi, anarekebisha. Umekosea herufi za jina, hati ya kiapo inamaliza. Kinachomshinda ni maelezo ya uongo uliyoyatia dole gumba miezi minane iliyopita kwa broka aliyekuwa na fomu za watu ishirini na hadithi moja. Nimeona mafaili mawili ya watu wasiojuana kabisa, mji tofauti, na baba wote wawili wamekufa tarehe moja kwa namna moja, hata ng'ombe walioibiwa idadi moja. Afisa naye anasoma, si kipofu. Na yule mmoja, tulipokaa naye wiki mbili tatu akatulia, kisa chake cha kweli kilikuwa kizito kuliko kile alichonunua.

Kwa hivyo mwenyeji, kazi yako ya kwanza ni kumwambia mgeni asinunue hadithi, ya pili ni usimtungie wewe. Watu wazuri wanaharibu hapa, mama anampenda mgeni wake, anamwambia "ukifika pale lia kidogo, sema walichoma nyumba". Nyumba haikuchomwa mama.

Alafu kuna Kiswahili chenyewe. Watu wanadhani kwa kuwa Mkongo anaongea Kiswahili na sisi tunaongea Kiswahili basi hakuna haja ya mkalimani, na hicho ndicho kinaua kesi kimya kimya. Mtu anaulizwa kwa nini ulikuja Mombasa, anajibu "nimekuja kutafuta maisha". Yeye anamaanisha kule ningekufa, nimekuja niishi. Afisa anaandika amekuja kutafuta kazi. Kwisha. Nimelisikia neno hilo mara nyingi hadi sasa mtu akilitaja tu wakili wangu anaweka kalamu chini anamuuliza "maisha gani, hebu nieleze".

"Baba" naye. Ameandika baba alikufa vitani, ukurasa wa pili baba alimtumia nauli. Wababa wawili hao, mmoja mzazi na mmoja baba mdogo aliyemlea, nyumbani kwake wote ni baba. "Ndugu" inaweza kuwa wa tumbo moja, binamu, ama mtu wa kanisa moja. "Askari" hapa kwetu ni polisi, ni mwanajeshi, ni soja wa geti, na tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe manake aliyekupiga ni serikali ama ni kikundi ama ni mwizi? Kwa hivyo mtayarishe hivi: kila mtu anayemtaja amtaje kwa jina na aseme ana uhusiano gani naye, baba aliyenizaa, baba mdogo aliyenilea. Kila askari, nguo gani, alikuwa na gari gani, alitumwa na nani kama anajua. Kama hajui aseme sijui, "sijui" haijawahi kumuangusha mtu, kinachoangusha ni kubahatisha.

Tarehe ndio balaa lingine. Mhabeshi, mtu wa Ethiopia, akikupa mwaka muulize kalenda gani, kalenda yao iko nyuma ya yetu miaka saba ama minane kutegemea mwezi, nayo ina miezi 13, sasa mtu anasema alifungwa 2013 na afisa anahesabu anaona wakati huo alikuwa mtoto. (Cha kuchekesha saa zao ni kama zetu, saa moja ni asubuhi jua likitoka, hapo tu ndio hatugombani.) Msomali na Mworomo Mwislamu anaweza kukumbuka vizuri ilikuwa kabla ya Ramadhani ama siku tatu baada ya Idi, andika hivyo hivyo kwanza alafu tafuta tarehe kwenye simu pamoja naye. Mkulima atakumbuka mvua, mavuno, mtoto alikuwa anatambaa. Bora "mtoto alikuwa ameanza kutambaa" kuliko tarehe 14 iliyotoka hewani.

Kaa naye jioni moja ama mbili, daftari la mtoto wa shule linatosha, aandike ama aseme uandike kwa maneno yake, kutoka siku ya kwanza mambo yalipoanza hadi alipofika kwako. Usimkatize. Akinyamaza mpe chai nyamaza naye. Akifika pahali hawezi, ruka, andika "hapa kuna jambo hakuweza kusema", wakili ataelewa.

Siku ya ofisini ukishamleta toka nje. Sisemi kwa ubaya. Kuna mama alikuja na shemeji yake, kisa kilikuwa sawa tu hakina uzito, siku ya pili kaja peke yake, akaomba wakili wa kike, ndio tukajua kilichotokea njiani. Mbele ya shemeji angesema vipi? Mtu ana haki kuomba wakili ama afisa ama mkalimani wa kike, na ana haki ya kumkataa mkalimani kama ni wa ukoo ule aliokimbia ama anamuogopa tu. Mtoto wake asikalimani, hata kama ndiye anajua Kiswahili kizuri nyumba nzima, mtoto hafai kusikia wala kusema yale. Na broka aliyemleta asiingie kabisa.

Atakuwa na hofu kwamba tutamchoma. Mwambie yanayosemwa kwa wakili hayatoki, na Sheria ya Ushahidi inamfunga wakili pamoja na karani wake na mkalimani wake, yaani hata mimi ninayewaandikia hapa visa vyote nimevichanganya na kuvibadilisha mtu asijijue.

Karatasi: leta zote, hata unazoona takataka. Tiketi ya basi, barua ya kanisa, kadi ya kliniki ya mtoto kutoka Coast General, picha za kidonda, meseji za vitisho (usizifute, na usibadilishe simu kabla hazijanakiliwa), kitambulisho kilicholowa maji ya bahari. Usikilaminishe wala usijaribu kukifufua kwa kalamu. Original inabaki kwa mwenyewe, ofisi inachukua kopi, na anayetaka kukaa na original zako "kwa usalama" muulize usalama wa nani.

Akishikwa

Hii mfundishe mgeni wako siku ya kwanza, kabla ya wakili, kabla ya yote, aikariri kama sura: "Mimi ni mwomba hifadhi, naogopa kurudishwa kwetu." Maneno hayo kwa Kiswahili chochote, kwa afisa yeyote, yanabadilisha kesi, manake sheria inakataza kumrudisha mtu kwenye hatari na afisa akishayasikia hawezi kusema hakujua.

Wewe ukipata habari nenda kituoni uulize yuko wapi na ameandikwa kosa gani, chukua namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, pigia wakili. Usigombane na polisi na usitoe kitu kidogo, utakuja kugeuziwa kesi wewe. Na kumbuka kumficha mtu unayejua yupo nchini kinyume cha sheria nalo ni kosa, ndio maana kumfikisha kwenye usajili mapema kunakulinda hata wewe mwenye nyumba. Katiba kifungu cha 49 inasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia wikendi ni siku ya korti inayofuata, kwa hivyo aliyeshikwa Ijumaa jioni tegemea Jumatatu, mpelekee chakula na dawa zake.

Kortini sasa. Shtaka la kawaida ni kuwepo nchini kinyume cha sheria, adhabu yake ni faini hadi shilingi 500,000 ama kifungo hadi miaka mitatu ama vyote viwili. Shtaka linasomwa, anaulizwa, "ni kweli ama si kweli?" Na mgeni mwenye adabu zake, amechoka, hajaoga siku tatu, anaona wakubwa wote wamesimama wanamuangalia, anajibu ni kweli. Kijana mmoja Mhabeshi nilimuuliza baadaye ulikubali nini? Akasema waliniuliza kama natoka Ethiopia, nikasema ni kweli, kwani uongo? Alikuwa amekubali kosa zima. Kazi ya dakika tatu, alafu wakili akahangaika miezi kuifungua.

Kwa hivyo asijibu. Aombe mkalimani, ni haki yake kifungu cha 50 na halipi hata senti, na aseme anataka wakili. Kama ameshasema ni kweli bila kuelewa, bado kuna njia, Korti ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu tangu 1973 kwenye kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, kwamba shtaka na viungo vyake vyote visomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake, maelezo ya kosa yasomwe, na apewe nafasi ya kuyapinga kabla ya kutiwa hatiani. Mwambie wakili achukue rekodi ya korti aangalie imeandikwa lugha gani ilitumika. Ikiandikwa "Kiswahili" na mtu anaongea Kioromo tu, hapo pana kazi.

Baada ya intavyuu

Kuamuliwa kunachukua muda, sheria inataja siku 90 lakini nisiwadanganye, zinaweza kupita sana. Karatasi ya kusubiri aliyopewa atembee nayo na ipigwe picha, moja ibaki kwenye simu yako. Akikubaliwa akapata kadi, akitaka kufanya kazi kuna permiti ya class M ya wakimbizi, haina ada, broka anayeitoza pesa anakula bure. Akiandikishwa kambini na akaja mjini awe na kibali cha kusafiri, ile "muvumenti" wanayoiita, na aangalie tarehe inaisha lini, watu wanashikwa barabarani Garsen na muvumenti iliyoisha juzi.

Akikataliwa ana siku 30 kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa, na barua ya kukataliwa ina tarehe, ilete ofisini SIKU HIYO HIYO. Msije siku ya 29 saa kumi jioni mkatukuta tunafunga.

Kuna kitu kipya pia kwenye sheria ya 2021, mkimbizi wa nchi ya Afrika Mashariki anaweza kuacha ukimbizi kwa hiari akatumia haki za Jumuiya, na Kongo iliingia Jumuiya 2022, kwa hivyo kuna wanaoambiwa saini hapa utafanya biashara huru. Inaweza kumfaa mtu ambaye kwao kushatulia. Lakini ukisaini umeachia ile kinga ya kutorudishwa, na mimi binafsi simshauri mtu wa Kivu asaini kabla wakili hajakaa naye na kumueleza pande zote mbili.

La mwisho ni laini ya simu. Mafaili mengi tuliyofunga hayakushindwa popote, mtu tu hakupatikana. Anaazima laini, anaiuza, anahama Bamburi kwenda Mtwapa, DRS wanapiga, sisi tunapiga, mteja hapatikani, siku ya intavyuu inapita. Kwa hivyo ukimleta mgeni wako tuachie namba yake, na yako, na ya mtu mwingine wa tatu ambaye hahamihami, mwenye duka la pale chini ama mzee wa msikiti, na akibadilisha laini aje mwenyewe ama atume mtu aniambie nibadilishe kwenye jalada. Niko hapo nje ya mlango wa wakili kila siku isipokuwa Jumapili, kutoka saa mbili asubuhi.